Damu Haikukumbuka Molo

Mtito Andei
2 Mei 2024

Ndugu yangu Munyao,

Barabara imenirudisha mzima, ila vumbi la Nuu bado liko kwenye mishono ya koti langu na nimemkataza Beth asilifue kwanza. Binti yangu anaona nimezeeka vibaya. Mimi naona nimetoka mahali nilipokaribishwa, na vumbi la namna hiyo halifuliwi haraka.

Jumanne nililala kwenye mashine yangu kama kawaida. Uliniuliza pale bomani mashine hiyo inafanya nini, nikakujibu kwa mzaha. Jibu lenyewe ni hili: figo zangu zilikufa, kwa hiyo mara mbili kwa wiki damu yangu hutolewa kupitia mpira ulioingizwa hapa shingoni, ikazungushwa ndani ya mashine, ikasafishwa, ikarudishwa. Mshipa waliokuwa wameuandaa mkononi uliziba. Ule wa shingo upande wa kushoto nao umeziba. Mpira huu wa kulia ndio mlango wangu wa mwisho, na wauguzi huushika kama mtu aliyeazimwa yai.

Kabla ya kuunganishwa hupimwa uzito. Muuguzi alisoma mizani akacheka. "Mzee Ngure, umerudi na kilo nzima nzima za maji! Huko Nuu kumechimbwa ziwa?" Nikasema ni chumvi ya muthokoi, yale mahindi yenu ya kukobolewa. Beth alinitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama.

Hapo ndipo ninapokuomba. Habari ya maziwa ibaki kwako. Mtu wa mashine hupimiwa hata maji ya kumezea dawa, na maziwa yana madini ambayo figo zilizokufa haziwezi kuyatoa. Beth akijua nilikunywa kila asubuhi niliyokaa kwako, ataniwekea askari mlangoni. Lakini Munyao, uliponipa kile kibuyu cha kitete kikiwa bado na joto la mnyama, nilifumba macho nikawa Molo. Tangu tuchomewe nyumba kule mwaka wa 1992, ukatuokota barabarani na lori lako na kutushusha hapa Mtito Andei, sikuwa nimeonja maziwa ambayo hayajapita kwenye moto. Niliyaonja na yale majani ya nyanda za juu, na baridi ya kule, na sauti ya mke wangu akiita ng'ombe. Mbuzi wako hawajawahi kuona majani hayo, lakini ulimi wangu haukujali.

Nilikuona pia ukimzalisha yule mbuzi wa madoa, mkono umezama hadi kiwiko, huku unamsemesha kama mkunga. Nimesoma vitabu vingi, lakini ninachokiona bado ni kile kitoto kilivyoteleza mikononi mwangu uliponipa nikishike. Na yule mweusi aliyekuwa karibu, amezaa?

Wako,
Ngure Kihara


Nuu
11 Mei 2024

Ngure wa Molo,

Barua yako imeletwa na Mutie wa lori la ndengu, naye amedai soda kwanza ndipo aitoe mfukoni. Simu usijaribu. Injini za lori zilikula masikio yangu zikamaliza. Nikiweka simu sikioni nasikia mlima wa Sultan Hamud tu.

Majirani bado wanakuzungumzia. Mkikuyu kulala siku tatu kwa boma la Mkamba na asiulize hata mbuzi mmoja ni bei gani! Mzee Ndululu anasema labda ni ugonjwa. Nimemwambia ni adabu, akasema adabu ya namna hiyo ni lazima iwe ugonjwa.

Siri yako nimeikalia. Kanyiva, mama wa nyumba yangu, naye nimemwambia afunge mdomo, ingawa amesema mzee wa figo hakufaa kupewa maziwa hata kama angeyalilia. Sasa ningefanya nini? Marehemu mama alitulea akisema maziwa ya mgeni hayapiti jikoni. Ukimchemshia, ni kama kumwambia huamini mifugo yako mwenyewe. Mgeni hupewa ya yule aliyezaa juzi, moja kwa moja kutoka kwa kiwele. Na wewe si mgeni wa kawaida. Ulivyokunywa ukafumba macho, nilijua niko sawa.

Yule mweusi wacha tu. Ni mambo ya mbuzi. Boma liko sawa, mvua imetosha, ndengu zimeshika.

Msalimie Beth, na umwambie muthokoi wetu hauna chumvi hivyo. Usituharibie jina.

Munyao Nyamai


Mtito Andei
4 Juni 2024

Baba Nduku,

Bwana asifiwe. Mkono huu ni wa Beth, kwa sababu Baba hawezi kushika kalamu. Nimejaribu simu ya mwanao Nduku nimtumie ujumbe akufikishie, lakini hapatikani tangu wiki iliyopita. Mutie ameahidi kukuletea hii wiki hii na kungojea jibu.

Baba amelazwa. Alianza kwa jasho, jasho la shuka kukamulika. Kisha kiuno, kisha homa inayokuja jioni na kuondoka asubuhi kama mtu aliyeajiriwa. Mimi nilienda kwa duka la dawa hapa mjini nikamnunulia vidonge vya kuua viini. Nilidhani nasaidia. Ijumaa akiwa kwenye mashine alitetemeka hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta.

Daktari wake, Daktari Mutindi, ni mama mpole anayesema mambo mara moja tu. Ameniambia, "Mtu wa mpira akitetemeka kwenye mashine, mtuhumiwa wa kwanza ni mpira. Viini hukaa ndani yake, kila tukiwasha mashine tunavisukuma kwa damu." Wamechukua damu wakaiweka kwenye chupa za kuoteshea, waone ni kiini gani kitaota. Hakijaota chochote. Anasema huenda vidonge vyangu vilivilemaza viini kabla damu haijachukuliwa. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Wamempa dawa kali za mpira, na homa bado inarudi. Asipopata nafuu, Alhamisi ya wiki ijayo watautoa. Baada ya hapo inabidi tumpeleke Nairobi atafutiwe mshipa wa paja, kama upo. Baba amesikia yote akasema, "Nimehamishwa mara moja. Inatosha." Unamjua. Akisema hivyo huwezi kumpandisha kwa gari.

Daktari anauliza alikula nini, alikunywa nini, alishika nini miezi hii. Baba anasema hakuna kitu. Wewe ulikaa naye siku tatu, Baba Nduku. Kuna chochote?

Binti yako,
Beth


Nuu
8 Juni 2024

Mwanangu Beth,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Hapa kwangu alikula muthokoi kidogo na ndengu. Alikunywa chai ya kikombe kidogo, na akawa anakipima kwa macho kama mtu wa benki. Zaidi ya hapo sina la kuandika. Baba yako amekuwa akiniamini na mambo yake tangu wewe ukiwa mtoto wa kubebwa, na sijazoea kumwangusha.

Madaktari wamesoma. Wakisema ni mpira, itakuwa ni mpira.

Jumapili nitasimama kanisani nimtaje kwa jina. Mwambie kwamba Mzee Ndululu anamuulizia. Mwambie nami namuulizia.

Munyao


Mtito Andei
15 Juni 2024

Baba Nduku,

Mpira haujatolewa. Nakuandikia hilo kwanza ili usome mengine ukiwa umetulia.

Kuna msichana wa maabara hapa anaitwa Sandra Mbinya. Yeye ndiye hupima damu ya watu wote wa mashine. Jumatatu alipima damu ya Baba kwa brusela, ule ugonjwa wa mifugo, kwa kile kipimo cha haraka. Tone la damu, tone la dawa. Ikaonyesha ndiyo.

Daktari Mutindi hakushtuka. Alinieleza hivi. Kipimo hicho hakioni kiini chenyewe. Kinaona kingamwili, yaani askari ambao damu hutengeneza ikipigana na ugonjwa. Vita vikiisha, baadhi ya askari hubaki, wakati mwingine kwa miaka. "Eneo hili," akasema, "ukipima watu kumi sokoni, utapata mtu aliyepigana na brusela akiwa kijana na hana habari." Ndipo akamgeukia Baba. "Mzee, umewahi kunywa maziwa mabichi?"

Baba akajibu haraka mno. "Molo. Tangu utotoni hadi tulipofukuzwa."

"Na tangu hapo?"

"Tangu hapo ni ya pakiti."

Daktari akafunga faili. "Basi hao ni askari wa zamani. Alhamisi tunautoa mpira."

Nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo za safari Sandra alipokuja wodini Jumatano. Ni mrefu, anaongea huku anatazama sakafu, lakini hasemi neno asilolimaanisha. Alisema, "Daktari, tunaweza kumuuliza Mzee wa Januari."

Daktari akauliza, "Mzee wa Januari ni nani?"

Kumbe watu wa mashine hupimwa homa ya ini mara kwa mara, ili wasiambukizane kwa damu. Yale maji ya manjano ya damu yanayobaki, Sandra huyagandisha kwenye friza na jina na tarehe. Kwa hiyo Baba wa Januari alikuwa bado yuko mle ndani, amelala kwenye barafu. Daktari alimtazama akatabasamu. Alisema, "Nenda. Nami nitaisimamisha Alhamisi hadi uniambie." Nilimpenda hapo. Si kila mkubwa angesimama.

Sandra aliweka Baba wawili kando kwa kando siku ile ile, kwa dawa ile ile. Kila mmoja alimzimua na maji ya chumvi, nusu, kisha nusu ya nusu, akiendelea hivyo chupa kwa chupa, aone askari wataacha kuonekana wapi. Baba wa Januari: hakuna kitu, hata kwenye chupa ya kwanza. Baba wa Juni: askari bado wanaonekana hadi chupa ya mwisho. Akarudia na chupa mpya kwa sababu hakujiamini. Ikawa vile vile.

"Askari wa zamani wangekuwepo Januari pia," alimwambia Daktari. "Hawa wamezaliwa mwaka huu. Na watu wa mashine kingamwili zao huwa dhaifu. Zikipanda hivi kwa mtu wa mashine, kuna kitu kinamla."

Daktari alienda kwa kitanda cha Baba akamwinamia. "Mzee, Molo haimo kwenye damu yako. Mwaka huu ulikunywa wapi?"

Baba aligeuza uso ukutani.

Wameanza kumpa dawa za brusela, mbili, za wiki sita. Mpira umebaki mahali pake, wakiuangalia. Leo ni siku ya tatu na jana jioni homa haikuja.

Sasa nakuuliza kama mtoto wako, si kama mwenye hasira. Daktari anasema mahali yalipotoka maziwa hayo kuna watu wanaoyanywa kila siku. Wako wapi, Baba Nduku?

Beth


Nuu
19 Juni 2024

Beth, mwanangu,

Wako hapa. Ni sisi.

Alikunywa kwangu, kila asubuhi, kutoka kwa mbuzi aliyezaa mbele yake. Hata kitoto nilimpa akishike kikiwa bado na maji ya uzazi. Aliniomba nisikwambie maana ulimkataza maziwa, na mimi nikaona hiyo ni siri ndogo ya wazee. Uliponiuliza nikakuandikia habari ya muthokoi. Nilikuwa na karatasi mbele yangu na ukweli kichwani, nikachagua neno nililompa. Mpira ule ungetolewa kwa sababu ya adabu yangu.

Na si hilo tu. Kabla hajaja, mbuzi wangu wawili walikuwa wametupa mimba. Yule mweusi alitupa juma moja baada ya yeye kuondoka. Mgeni haambiwi mambo kama hayo, mtu haanzi kumhesabia mgeni vifo vya bomani. Nilisema ni fisi aliwashtua. Sikuwa nimeona fisi.

Barua yako ilipofika nilimpa Kanyiva aisome. Aliisoma yote, akavua kitambaa kichwani, akasema, "Munyao, kiuno chako cha tangu mwaka jana, ulisema ni kiti cha lori." Kesho yake tulikuwa Mwingi hospitalini, mimi na yeye. Yeye yuko salama, kwa sababu tangu tuoane hunywa chai tu na hunicheka. Mimi ninayo. Nimeanza vidonge kama vya baba yako.

Afisa wa mifugo naye amekuja. Alitia tone la damu ya mbuzi kwenye kigae cheupe, na tone la dawa ya rangi ya waridi kando yake, akachanganya na kijiti. Kwa wengine ilibaki laini kama uji. Kwa wengine ikakatika chengachenga mbele ya macho yangu. Nilimwambia huko Mtito Andei kuna msichana anaitwa Sandra ambaye ingefaa amjue. Akasema, "Mzee, ndivyo tunavyofanya sote." Nikamwambia hapana, yeye ana mzee wa Januari kwenye friza. Hakuelewa, lakini alicheka. Wale ambao damu yao ilikatika wametengwa. Yule wa madoa ni mmoja wao, na itabidi aende. Mzee Ndululu amezunguka boma zote za upande wetu akipiga kelele, "Chemsheni! Chemsheni kama mnatafutwa na polisi!" Sasa hata chai ya kanisani inachemshwa mara mbili.

Sijui nimwandikie nini baba yako. Mwambie wewe.

Munyao


Mtito Andei
28 Julai 2024

Ndugu yangu Munyao,

Beth alinisomea barua yako kitandani, kisha nikaichukua nikaisoma mwenyewe. Hukuniandikia mimi, basi nakujibu bila kuulizwa.

Dawa nimezimaliza juzi. Homa haijarudi. Mpira bado uko shingoni, nao ndio ulionisafisha Ijumaa. Wewe nawe nadhani unakaribia kumaliza zako, na nimefurahi mno kusikia Kanyiva alikuwa na akili kwa ajili ya nyumba nzima. Usinitumie majuto. Maziwa nilikunywa mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikijua nimekatazwa.

Nilipopata nguvu ya kutembea niliomba kupelekwa maabara. Nilitaka kumwona mtu aliyeniweka barafuni. Sandra alinipa kiti, akanionyesha friza, trei juu ya trei, vichupa vidogo kama vidole vya mtoto, kila kimoja na jina la mmoja wetu wa mashine. Nilimuuliza nani alimwagiza ahifadhi. Akasema sheria ni kuhifadhi kwa muda mfupi tu. Yeye huhifadhi zaidi kwa sababu watu wa mashine huugua magonjwa yasiyojitaja. "Kipimo kimoja cha kingamwili ni picha," aliniambia. "Picha haikwambii mtu anaenda au anarudi. Nikipata mbili, naona mwendo." Kisha akasema kwamba si kila homa atashinda hivi, kwamba kuna viini ambavyo kipimo hiki hakivijui, na kwamba chupa za kuotesha ndizo bado angezitaka kwanza kama Beth asingeniwahi na vidonge. Nilipenda kwamba hakuacha nimsifu kupita kiasi. Nimekaa na watu wengi waliosoma, na wachache hukuonyesha mpaka wa wanachokijua bila kuombwa.

Sasa hili sijamwambia Beth. Niliposema Molo kwa daktari, nilikuwa nakulinda wewe na kujilinda mwenyewe. Lakini pia niliamini. Niliamini kabisa kwamba maziwa yale ya zamani bado yako ndani yangu, kwamba kipimo kimenikuta na kitu cha kule. Nilikuwa tayari mpira utolewe, na yote yanayofuata, kuliko kukana hilo. Sandra alipokuja na majibu alisema, "Mzee, ile ya Januari ni safi. Safi kabisa." Alidhani ananipa habari njema, na kweli ilikuwa njema. Machozi yakanitoka, akanipa karatasi ya kupangusa akifikiri ni shukrani.

Siku ile ya maabara nilimuuliza hizi kingamwili za Nuu zitakaa muda gani. Akasema zitapungua polepole, mwaka, labda zaidi. Nikipimwa popote zitaonekana kidogo. Nilirudi wodini nikiwaza hilo muda mrefu. Nilimtafuta mke wangu akiita ng'ombe, na bado nilimsikia, kwa hiyo hajapotea. Yuko kichwani tu. Kwenye damu hayumo.

Beth amekubali kunileta kwako mwezi wa kumi, kati ya Ijumaa na Jumanne, akiwa amenikalia kama polisi wa barabarani. Maziwa myachemshe hadi yafure, kisha mnywe nyinyi. Mimi nitakishika kikombe chenu kidogo, nipate joto lake, nikirudishe kikiwa kimejaa.

Jumanne iliyopita kulikuwa na muuguzi mgeni, kijana kutoka Machakos, akijaza karatasi zangu. Aliuliza jina, umri, kanisa. Kisha akauliza, "Na kwenu ni wapi, Mzee?"

Nilisema, "Nuu."

Beth aliinua macho kutoka kwa simu yake.

"Nuu kwa akina nani?" kijana akauliza, maana ana shangazi aliyeolewa huko.

"Kwa Munyao," nikasema, na akaandika.

Ngure